Tiketi na mpango wa chakula Disney World: hesabu kwanza, kadi baadaye

Ukifungua ukurasa wa tiketi za Walt Disney World kwa mara ya kwanza, utakuta bei imeandikwa kwa herufi kubwa na neno "kuanzia" limetangulizwa mbele yake. Mara nyingi hiyo ni bei ya siku ambayo wewe huendi. Bei yako itategemea tarehe ya kuanza, idadi ya siku, umri wa kila mtu na nyongeza utakazokubali kuzibonyeza. Chakula nacho kina hesabu yake, na familia nyingi hupotezea pesa huko kuliko kwenye tiketi, maana ukishanunua mpango wa chakula unaona kama umemaliza kila kitu.

Bei zote humu ni za dola za Marekani. Zinapanda karibu kila mwaka, kwa hiyo shika njia ya kuhesabu, kisha weka namba za siku unayolipa.

Unachonunua hasa

Disney World iko karibu na Orlando, jimbo la Florida, na ina bustani nne za michezo na burudani zinazojitegemea: Magic Kingdom ya 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Zimeachana kiasi kwamba unapanda basi, boti au gari la kebo kutoka moja kwenda nyingine. Kuna pia bustani mbili za maji, Typhoon Lagoon na Blizzard Beach, ambazo tiketi ya kawaida haizigusi.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 anaingia bure. Wa miaka 3 hadi 9 analipa bei ya mtoto, na kuanzia miaka 10 ni mtu mzima. Kwenye tiketi tofauti ya mtoto na mtu mzima ni ndogo, dola chache tu, kwa hiyo usijisumbue kuharakisha safari kabla mtoto hajafika 10. Cha kuharakisha ni kumpeleka kabla hajafika 3. Lakini kwenye chakula umri wa miaka 10 unauma kwelikweli, kama tutakavyoona.

Tangu 2018 bei ya tiketi inafuata kalenda, na tangu mwishoni mwa 2022 tiketi ya siku moja ina bei tofauti kwa kila bustani pia. Animal Kingdom ndiyo ya chini. Magic Kingdom ndiyo ya juu. Mwaka 2025 siku moja ya Animal Kingdom katika msimu hafifu iliuzwa dola 119, na Magic Kingdom wiki ya Krismasi ikafika 199. Juu ya hapo weka kodi ya mauzo ya asilimia 6.5, ambayo huonekana mwishoni kabisa, pale pa kulipia.

Siku ngapi?

Bei haipandi kwa mstari ulionyooka. Siku tatu au nne za kwanza ndizo ghali. Ukishafika siku ya tano, kila siku unayoongeza inakugharimu makumi machache tu ya dola, kwa sababu wenye bustani wanataka ubaki kwao ule na ulale kwao. Kwa hiyo tiketi ya siku moja au mbili ndiyo yenye gharama mbaya zaidi kwa siku. Ila hiyo si sababu ya kununua siku saba ukiwa na mambo ya kufanya siku nne. Siku ya ziada ina gharama zake za hoteli, chakula na miguu ya watoto.

Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, siku nne bila kurukaruka, kila bustani siku moja, zinatosha. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalisomi: tiketi ya siku nne hailazimiki kutumika siku nne mfululizo. Una siku saba za kuzimaliza. Ya siku mbili ina muda wa siku nne, ya tatu ina tano, ya tano ina nane, na ya kumi ina kumi na nne. Panga siku ya kupumzika katikati, hasa kama mna mtoto mdogo au bibi katika msafara. Mtu aliyetembea kutwa nzima kwa siku tatu mfululizo katika joto la Florida hufika bustani ya nne akitafuta kiti tu.

Muda huo unahesabiwa kuanzia tarehe uliyoichagua, si siku uliyoingia mara ya kwanza. Ukiweka tarehe ya kutua Orlando halafu ndege ikachelewa, siku inakatika hivyohivyo. Siku ya kufika iache wazi. Tangu 2025 wageni wa hoteli za Disney wenyewe wanaingia bustani ya maji bure siku ya kufika, na hicho kinatosha kuwatuliza watoto bila kuchoma siku ya tiketi.

Kabla ya kulipa, sogeza tarehe ya kuanza siku moja moja mbele na nyuma kwenye kalenda. Bei ya tiketi ya siku nyingi hubeba tarehe inazopitia, kwa hiyo kuanza Jumatatu badala ya Ijumaa kunaweza kushusha gharama kwa kila kichwa. Misimu ya bei ya chini ni mwisho wa Agosti hadi Septemba, shule za Marekani zikiwa zimefunguliwa, na wiki za Januari baada ya watu wa mwaka mpya kuondoka. Ghali ni Krismasi, Pasaka, wiki ya Thanksgiving ya mwisho wa Novemba na likizo ya katikati ya Februari. Septemba ina kasoro yake: joto la kunata, mvua ya radi karibu kila alasiri, na ni kilele cha msimu wa vimbunga. Nunua makoti ya mvua ya nailoni kabla ya safari. Ndani ya bustani utayalipia mara kadhaa ya bei ya dukani.

Angalia pia kama tarehe yako imeangukia usiku wa sherehe za Halloween au Krismasi pale Magic Kingdom. Sherehe hizo zina tiketi yake, na mwenye tiketi ya kawaida anatolewa saa 12 jioni, kabla ya fataki. Kwa anayetaka michezo tu ni siku nzuri, maana watu wengi huikwepa na foleni hupungua. Kwa anayetaka kuona fataki juu ya kasri, ni siku ya kulia.

Nyongeza: ipi ikubaliwe, ipi iachwe

Park Hopper inakuruhusu kuingia zaidi ya bustani moja kwa siku. Gharama yake inatozwa kwa tiketi nzima na haibadiliki sana kwa idadi ya siku, kwa hiyo kwenye tiketi ya siku mbili ni mzigo na kwenye ya siku saba ni nafuu. Ina maana kwa watu wazima wanaojua wanachokifuata. Animal Kingdom hufunga mapema kuliko nyingine, na EPCOT iko jirani na Hollywood Studios, kwa hiyo unaweza kumaliza wanyama mchana na kula jioni EPCOT. Familia yenye mtoto wa miaka minne haihami bustani saa 9 alasiri. Inarudi hotelini kulala. Kwake pesa ya Park Hopper ni afadhali inunue siku ya tano.

Lightning Lane ni malipo ya kuruka foleni, na bei hubadilika kwa siku na kwa bustani. Magic Kingdom inaweza kuvuka dola 30 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Usiinunue kwa bustani zote. Animal Kingdom ina michezo mikubwa michache, na ukifika kabla ya lango kufunguliwa unaimaliza bila kulipa. Magic Kingdom na Hollywood Studios ndizo zinazostahili kufikiriwa, tena siku za watu wengi tu. Mpime mtoto kimo akiwa na viatu kabla hujamlipia: Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash zinataka sentimita 97, Expedition Everest 113, TRON 122. Kumlipia mtoto wa sentimita 95 apite haraka kwenye mchezo atakaozuiwa mlangoni ni kutupa pesa. Kwa wazazi wa mtoto kama huyo kuna utaratibu wa bure unaoitwa Rider Switch: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila aliyebaki kupanga foleni upya. Uulizie kwa mfanyakazi aliye mwanzo wa foleni.

Kuegesha gari kwenye bustani ni dola 30 au zaidi kwa siku, ila mgeni wa hoteli za Disney haegeshi kwa kulipa. Ukilinganisha hoteli ya nje na ya ndani, iingize namba hii. Siku nne ni dola 120 au zaidi ambazo tangazo la hoteli ya nje halikuonyeshi.

Nani akuuzie

Nunua kwenye tovuti ya Disney au kwa wakala aliyeidhinishwa nao. Mawakala hao hupunguza dola chache hadi makumi kwenye tiketi za siku nyingi, na namba ya tiketi unaiingiza mwenyewe kwenye apu ya My Disney Experience. Ikikubali, tiketi ni halali. Kwenye siku moja punguzo ni dogo mno au halipo.

Barabarani kuelekea bustani utaona vibanda na mabango ya tiketi za bei ya kutupa. Nyingine ni tiketi zilizobaki siku mbili baada ya mtu kutumia mbili. Haziwezi kuhamishwa. Langoni kuna mashine ya kuweka kidole, na kidole cha aliyeingia mara ya kwanza ndicho kinachotambuliwa. Nyingine ni za kweli, lakini zinatolewa ili ukasikilize wauzaji wa nyumba za likizo za kuchangia umiliki. Wanakuambia dakika 90. Ukihesabu kusubiri, kifungua kinywa na muuzaji wa tatu anayekuja baada ya kumkatalia wa pili, asubuhi imekwisha, na asubuhi moja ya tiketi ya dola 150 ina thamani yake.

Wakazi wa Florida wana tiketi zao za bei nafuu na wataombwa uthibitisho wa anwani. Kuwa na shemeji anayeishi Tampa hakukusaidii wewe. Waishio Uingereza nao wana tiketi zao za siku nyingi zinazouzwa kwa soko lile tu, ambazo mara nyingi huja na Park Hopper ndani. Ukiwa London usinunue kwenye ukurasa wa Marekani kabla ya kuziangalia hizo.

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala: usinunue tiketi peke yake kabla viza haijatoka. Tiketi hairudishiwi pesa. Tarehe unaweza kuisogeza kwa kulipa tofauti ya bei, na tiketi ambayo haijaguswa kabisa ikipita muda wake, pesa uliyolipa huhesabiwa kwenye tiketi mpya. Lakini ukitumia hata siku moja, zilizobaki zimekufa. Kifurushi cha hoteli ya Disney pamoja na tiketi kina masharti laini zaidi: unaweka amana ya dola 200, na ukifuta siku 30 au zaidi kabla ya kufika unarudishiwa. Kwa mwenye viza inayosubiriwa, ulaini huo unaweza kuwa na thamani kuliko punguzo la wakala.

Mpango wa chakula: umeundwaje

Mpango huu unauzwa kwa wanaolala hoteli za Disney tu, ndani ya kifurushi. Ulisimamishwa 2020 na kurudi Januari 2024. Kuna aina mbili.

Wa kwanza ni wa migahawa ya kaunta, yaani unaagiza, unapewa sinia, unatafuta meza mwenyewe. Kila mtu kwa kila usiku anapata milo miwili ya kaunta na kitafunwa kimoja. Wa pili unampa mlo mmoja wa kaunta, mlo mmoja wa kuhudumiwa mezani na kitafunwa kimoja. Yote miwili inatoa kikombe cha plastiki cha kujaza soda, kahawa au chai hotelini. Kikombe hicho hakijazwi ndani ya bustani nne, na wewe kutwa uko bustanini, kwa hiyo usikipe uzito kwenye hesabu.

Bei za 2024, kodi ikiwemo: wa kaunta dola 57.01 kwa usiku kwa aliye na miaka 10 na kuendelea, na 23.83 kwa mtoto. Wa mezani 94.28 na 29.69.

Soma masharti haya matano polepole, kwa sababu pesa hupotelea humo.

Unalipia usiku, si siku. Mkikaa usiku tano mnakula siku sita.

Wote waliomo chumbani kuanzia miaka 3 lazima wanunue mpango uleule. Huwezi kumnunulia baba peke yake kwa kuwa ndiye mlaji.

Bakshishi haimo. Kwenye meza utaongeza asilimia 18 hadi 20 ya bei ya chakula, hata kama chakula chenyewe kimelipwa kwa pointi, yaani haki ya mlo au kitafunwa uliyoinunua kwenye mpango.

Migahawa ya daraja la juu hukata pointi mbili za meza kwa mlo mmoja. Hapa msomaji wa Kiswahili ana kicheko chake, maana hoteli ya Animal Kingdom Lodge imejaa majina ya nyumbani: majengo yanaitwa Jambo House na Kidani Village, kaunta yao ni The Mara, duka ni Zawadi. Sasa, Jiko ni mgahawa wa pointi mbili. Sanaa na Boma ni pointi moja moja. Kwa aliyelipia mpango, kuingia Jiko ni kula siku mbili kwa usiku mmoja.

La tano ni pombe. Kila mlo unakuja na kinywaji, na kwa aliyetimiza miaka 21 kinaweza kuwa bia, mvinyo au kokteli ya dola 11 hadi 17. Bei ya mpango imepangwa ikijua hivyo. Asiyekunywa pombe, iwe kwa dini au kwa hiari, anapewa soda ya dola 4 au 5 na kulipia nafasi ya bia. Kwa familia ya Kiislamu peke yake hii mara nyingi inatosha kuukataa mpango wa kaunta. Kuhusu halali, andika ombi wakati wa kuhifadhi meza kisha umkumbushe mhudumu ukikaa. Kwenye kaunta usitegemee.

Familia moja, usiku tano

Tuchukue baba, mama, binti wa miaka 12 na mtoto wa miaka 6. Hawanywi pombe. Binti wa miaka 12 ni "mtu mzima" kwa Disney, hata kama hula vipande vya kuku na chipsi tu.

Mpango wa kaunta: watu watatu kwa 57.01 kwa usiku tano ni 855.15. Mtoto 119.15. Jumla 974.30.

Bila mpango, wakila kitu kilekile: mtu mzima sahani ya dola 17 mara mbili, maji ya bure, na kitafunwa cha dola 7, yaani 41. Mtoto milo miwili ya dola 9, kinywaji ndani yake, na kitafunwa cha 7, yaani 25. Kwa siku ni 148, kwa siku tano 740, na kodi inafika 788.10. Wameokoa dola 186.20 bila kujinyima chochote isipokuwa soda.

Sasa tazama kinachofanyika ukizitumia dola hizo ulizookoa. Badilisha mlo mmoja wa kaunta katika siku tano hizo kwa bufee ya jioni, mtu mzima kwa dola 65 na mtoto 42. Ondoa 63.90 za mlo wa kaunta, weka 252.41 za bufee na kodi yake. Jumla inakuwa 976.61. Yaani kwa pesa ya mpango wa kaunta, tofauti ya dola mbili, familia imepata kila kitu pamoja na usiku mmoja wa bufee kama ya Boma. Bakshishi ya kama dola 43 ndiyo peke yake iliyo juu.

Mpango wa mezani ni 1,414.20 kwa watatu na 148.45 kwa mtoto, jumla 1,562.65. Huu unaweza kulipa, ila kwa sharti gumu. Familia ikila bufee ya namna hiyo kila usiku, au ile ambayo akina Mickey na wenzake huzunguka mezani kupiga picha, bila mpango wangelipa kama 1,730. Wanaokoa dola 168. Wakipeleka usiku mmoja kwenye mgahawa wa kawaida wa sahani ya dola 32 na soda, bado wanaokoa kama 50. Wakipeleka usiku wa pili, wamepata hasara ya karibu 70. Kitindamlo unachopewa juu yake kihesabu tu kama ungekinunua kwa pesa yako. Familia nyingi hawana nafasi tumboni baada ya sahani za Marekani.

Angalia tena dola 29.69 za mtoto wa miaka 6. Kiti chake kwenye bufee moja peke yake ni dola 42. Upande wa mtoto mpango unalipa karibu kila siku. Wanaozamisha hesabu ni wakubwa. Ndiyo maana familia yenye watoto watatu chini ya miaka 10 na wazazi wawili ihesabu upya kabla ya kunifuata, na ndiyo maana ofa yoyote ya mpango wa bure kwa watoto lazima uipime kwa kile wazazi wanacholazimika kununua: mpango wao, na mara nyingi chumba kisicho na punguzo. Punguzo la chumba ulilolikosa linaweza kuwa kubwa kuliko mlo wa bure ulioupata.

Kula vizuri bila mpango

Chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho. Kinachokatazwa ni chupa za kioo, pombe, na barafu ya vipande vilivyo huru ndani ya kipoza. Tumia vifuko vya jeli. Begi au kipoza kisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18. Mkate, siagi ya karanga, ndizi na biskuti ni kifungua kinywa cha familia nzima kwa dola 10 hivi, na ukiagiza duka lilete hotelini unapata maziwa pia. Vyumba vya hoteli za bei ya chini vina friji ndogo lakini havina maikrowevu. Iko kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli. Usibebe wali ukitegemea kuupasha chumbani.

Maji ya barafu ni bure kwenye kila kaunta yenye mashine ya soda, na wingi wa vikombe ni juu yako. Kwenye apu huwa yamefichwa chini kabisa ya orodha ya vinywaji. Ukiyakosa, omba dirishani. Chupa nne za maji kwa watu wanne mara tatu kwa siku ni karibu dola 50, pesa ya bure kabisa kupotea.

Mtu mzima anaruhusiwa kuagiza mlo wa mtoto kwenye kaunta: kitu kikuu kidogo, vitu viwili vya pembeni na kinywaji, kwa dola 8 hadi 10. Kwa mchana wa joto la nyuzi 34, wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Agiza kupitia apu saa 4 au 5 asubuhi na uchague muda wa kuchukua; anayesubiri mpaka saa 6:30 mchana ndipo afungue apu atapewa saa 8, na mtoto mwenye njaa atakuwa ameshanunuliwa aisikrimu mbili. Ukiwa kijiji cha Harambe ndani ya Animal Kingdom, kilichochorwa kwa kuutazama mji wa Lamu na miji mingine ya pwani yetu, aisikrimu hiyo utaipata kwenye kibanda cha Tamu Tamu. Nayo si ya bei ya Lamu.

Kuhifadhi meza

Ukitaka bufee ya wahusika, na hasa kama umelipia mpango wa mezani, meza ndiyo mpango wenyewe. Pointi bila meza haziliki. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, saa 12 asubuhi ya Orlando kwenye mtandao. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa 7 mchana wakati wa majira yao ya joto, na saa 8 mchana kuanzia saa zao zinaporudishwa nyuma Novemba. Mgeni wa hoteli za Disney anahesabu siku 60 kutoka siku ya kufika na anaweza kuhifadhi hadi siku 10 za kukaa kwake kwa mkupuo mmoja. Aanze na siku za mwisho, ambazo wengine hawajafikia. Akishindwa kwenda, afute angalau saa mbili kabla, la sivyo kadi inakatwa dola 10 kwa kila mtu aliyeandikwa kwenye meza.

Ukikosa, usikate tamaa na usinunue nafasi kwa mtu. Watu hufuta kwa wingi jana yake na asubuhi yenyewe ili kukwepa faini hiyo, kwa hiyo fungua apu tena wakati huo.

Kwa aliyenunua mpango, pointi zote za chumba zinawekwa kwa pamoja siku ya kufika. Hazigawanywi kwa siku. Unaweza kula milo mitatu leo na mmoja kesho. Risiti ya kila mlo inaonyesha zilizobaki, kwa hiyo itazame ukiwa bado kaunta, maana mhudumu akikata pointi ya mlo mahali pa kitafunwa ni rahisi kurekebisha papo hapo kuliko usiku hotelini. Kitafunwa usikitumie kwa chupa ya maji ya dola 4 wakati pointi hiyohiyo inanunua sahani ndogo ya dola 8 kwenye vibanda vya tamasha la chakula EPCOT. Zilizobaki hufa saa 6 usiku wa siku ya kuondoka. Asubuhi hiyo pita duka la hoteli na ubadilishe vitafunwa vilivyosalia kwa peremende na biskuti za pakiti zenye alama ya mpango. Hizo zinavumilia mpaka uwanja wa ndege.